Viraka vya Kentucky, Ukili wa Wete

Paducah ni mji mdogo wa jimbo la Kentucky, Marekani, pale mto Tennessee unapoingia katika mto Ohio. Mpita njia angeuona kuwa bandari ya mtoni kama nyingine, angetazama ukuta mrefu wa kuzuia mafuriko, kisha akaendelea na safari yake. Washonaji hawaupiti hivyo. Hapa ndipo yalipo Makumbusho ya Taifa ya Mifarishi, yaliyofunguliwa mwaka 1991 kwa juhudi za Bill na Meredith Schroeder, mume na mke ambao mwaka 1984 walikuwa wameshaanzisha chama cha washonaji wa mifarishi nchini mwao. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha yake ya miji bunifu, upande wa ufundi na sanaa za jadi. Kila Aprili hufanyika maonyesho makubwa, na mji hufurika wageni.

Mfarishi ninaousema una matabaka matatu. Juu ni viraka vilivyokatwa na kuunganishwa kwa mpango, katikati ni pamba, chini ni kitambaa kizima. Yote matatu hushonwa pamoja kwa mishono inayopita toka juu hadi chini, halafu ukingo hufungwa kwa utepe wa kitambaa. Ndani ya makumbusho hairuhusiwi kugusa, na kwa kweli unatamani kugusa, kwa sababu kwa mbali baadhi ya mifarishi huwezi kuamini kwamba si picha za rangi.

Nilifika Oktoba, majani ya miti yakigeuka rangi, kwa mwaliko wa rafiki tuliyejuana zamani alipokuwa akifundisha Tanga. Yeye na wenzake wana desturi ya kukodi nyumba karibu na Ziwa Kentucky, wakakaa humo tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana wakishona. Wamo mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva wa basi la shule, na mama na binti yake wanaokutana hapo tu kwa sababu wanaishi majimbo mbalimbali. Kila mmoja hulipa sehemu yake ya kodi na kupika mlo mmoja. Meza zimepangwa sebuleni, kila moja na cherehani yake na taa yake, na pasi zimewekwa vyumba tofauti kwa sababu zikiwashwa zote upande mmoja umeme wa nyumba hukatika.

Nilikaa karibu na mama mmoja aliyenizidi miaka mingi. Wenzake walimwita kwa jina tupu. Mdomo wangu ulikataa, nikamwita Bibi, naye akapenda, na kufika Jumamosi jioni nyumba nzima ilikuwa inamwita Bibi. Ndiye aliyenifundisha kutumia kile kisu cha gurudumu, kinachobingirishwa juu ya kitambaa kando ya rula. Kilitolewa na kampuni ya Kijapani ya Olfa mwaka 1979, na kimebadilisha kazi hii kabisa: matabaka kadhaa ya kitambaa hukatwa kwa mpito mmoja, pembe zote sawa. Kabla yake ilikuwa mkasi na kielelezo cha karatasi ngumu, kiraka kimoja kimoja.

Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani. Vitambaa huuzwa pia vipande vya robo yadi vilivyokatwa kwa upana, inchi 18 kwa 22, vikakunjwa na kupangwa kwa rangi. Wanawake walivichagua kwa utulivu ule ule tunaochagulia doti ya khanga, wakivinyoosha dirishani kuona rangi kwenye mwanga wa jua, wakiitana kuulizana rai. Hii ni starehe ya mtu mwenye nafasi, na sitaki kuficha hilo. Pamba nzuri ni ghali kule, cherehani nzuri ni ghali zaidi, na rafiki yangu ana chumba kizima nyumbani kwake kilichojaa vitambaa ambavyo havijaguswa.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni jingine. Katika nyumba ile, toka Ijumaa hadi Jumapili, hakuna aliyetaja kuuza. Nilipouliza mfarishi wa namna ile ungepata bei gani, rafiki yangu alifikiri kwanza, kisha akanijibu kwamba huu ni wa mjukuu anayekwenda chuo. Ule mwingine ulikuwa wa jirani aliyeanza matibabu ya saratani, ili ajifunike anapokaa kwenye kiti cha dripu. Muuguzi alikuwa anashona wake mwenyewe, kwa kuwa rangi ya chungwa inampendeza, basi. Upande wa nyuma kila mmoja hushona kijitambaa chenye jina lake, mwaka na mji, ili watakaourithi wajue mikono iliyoufanya.

Kwetu swali la bei ndilo la kwanza. Kikundi chetu cha Tanga kinafuma vitambaa vya makochi na kudarizi mashuka ya maharusi. Tulianza kwa sababu tulipenda kukaa pamoja. Tukashauriwa tujisajili, tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukaanza kufuatilia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vikundi vya wanawake. Siukejeli mpango huo. Nawajua wanawake waliosomesha watoto kwa fedha za kikundi na wengine waliojenga. Ila tangu tuwe wajasiriamali, mikutano yetu ni ya marejesho na oda, na anayekuja kwa kupenda tu kufuma huonekana anapoteza muda wa wenzake. Wawili wameacha kuja. Walikuwa mafundi kuliko sisi sote.

Haikuwa hivi siku zote. Mama yangu mkubwa wa Wete, Pemba, alisuka ukili barazani kila alasiri baada ya sala. Ukili wake uliuzwa, ulipimwa kwa pima, na fedha ilinunua sukari na daftari. Hata hivyo ule wa mkeka wa harusi ya mtu wa nyumbani haukuhesabiwa. Ulitiwa rangi kwa uangalifu zaidi, ukasukwa kwa miezi, na majirani walikuja kuchangia mikono bila kuitwa. Kofia za mkono nazo ni hivyo hivyo: zipo za sokoni, na ipo ile anayoishona mwanamke kwa ajili ya mumewe, kitundu baada ya kitundu. Ukizitazama vizuri utazitofautisha.

Kutoka Kentucky niliteremka hadi Alabama, kwenye kijiji cha Gee's Bend, kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama. Hapa ni karibu nasi zaidi kuliko Paducah. Wakazi wake ni wajukuu wa watu waliotumikishwa utumwani katika shamba la pamba la Mark Pettway, na wengi hadi leo wana jina hilo la ukoo. Mwaka 1962, Weusi walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko cha kwenda mji wa Camden kilifungwa; hakikurudi hadi 2006. Mifarishi ya huku haikuanza kwa starehe. Nyumba za mbao zilipitisha baridi, na wanawake walishona suruali zilizochakaa, magunia na mashati ili watoto walale.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akashona mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Ninapoandika haya nawaza khanga ya mama yangu iliyomo sandukuni, ambayo hakuna anayeivaa na hakuna atakayeitoa.

Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, na ukawasaidia sana: ulileta fedha taslimu mikononi mwa wanawake ambao wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba. Walipata wateja maduka makubwa ya mijini, na mwaka 1972 waliingia mkataba na Sears kushona foronya za mito za kodrai. Oda zilitaka kila kipande kifanane na mwenzake. Basi wanawake wakatimiza oda, wakarudi nyumbani na mabaki ya kodrai, wakashona kwa namna walivyopenda wenyewe, mistari ikipinda, rangi zikigongana. Hiyo mifarishi ya nyumbani, isiyoagizwa na mtu, ndiyo iliyotundikwa makumbusho ya Houston na kisha Whitney ya New York mwaka 2002, na kuingia kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006. Siku hizi kila Oktoba kijiji huianika nje, juu ya kamba na kuta za nyumba, watu waje kuitazama.

Nimeshawaambia wenzangu hivi, na nawaambia viongozi wa vikundi mnaosoma hapa: endeleeni na marejesho na masoko, lakini kwenye kalenda ya mwaka tengeni Jumamosi na Jumapili moja isiyo na oda. Changeni nauli, kodini nyumba, pikeni kwa zamu, waiteni shangazi na binti zenu, na kila mtu afume anachokitaka yeye. Waiteni pia wale walioacha kuja. Sisi tumekubaliana Pangani, mwezi wa Desemba, na daftari la oda litabaki Tanga.