Kabla Hujalipa Karo, Omba Kuona Maabara

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, simu zetu hujaa matangazo ya vyuo vikuu vya kibinafsi. Nyasi zimekatwa vizuri, vijana wanacheka kwenye ngazi, basi jipya liko langoni. Mzazi akiona anasema, hapa ndipo mtoto wangu atasoma. Mimi nikiona najiuliza swali moja tu: hivi vitu vyote huwa wazi saa ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu nilisoma chuo cha kibinafsi, kozi ya uanahabari. Jina la chuo tuliache. Studio ilikuwepo, tena ya kupendeza, na kila mgeni alipelekwa kuiona. Sisi tuliokuwa tunalipa karo tuliingia mara moja kwa wiki. Darasa lilikuwa na watu 40, na kamera zilizokuwa zinafanya kazi ni 2. Hebu tupige hesabu. Kipindi cha saa 3 kwa wiki, muhula wa wiki 12, hiyo ni saa 36. Kwa kamera 2 unapata saa 72. Gawanya kwa watu 40. Kila mtu anashika kamera saa 1 na dakika 48, muhula mzima! Na hapo stima haijapotea hata siku moja, na hakuna mjanja aliyekwamilia kamera.

Mtihani ukija, swali linakuambia ueleze aina tano za picha za video. Ukikariri noti unapita vizuri sana. Kwenye karatasi, chuo kimefanya vizuri na wewe umefanya vizuri. Kisha unaenda kituo cha televisheni kwa mafunzo ya kazi, unapewa kamera, unaanza kutafuta kitufe cha kuiwasha. Watu wakiona hivyo wanasema vyuo vya kibinafsi vinauza vyeti. Mimi naona wanakosea. Mwanafunzi alisoma na mhadhiri alifundisha. Kilichokosekana ni saa za kushika kifaa.

Ndiyo maana sishtuki mtu akinirushia orodha ya Webometrics kuthibitisha chuo chake kiko juu. Orodha hiyo hutengenezwa Uhispania, na inapima zaidi jinsi chuo kinavyoonekana mtandaoni na jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa na wengine. Haihesabu viti vya maktaba. Haijui kama mlango wa maabara ya kompyuta una kufuli tangu Jumatatu.

Tuangalie pia matawi ya katikati ya jiji. Ghorofa tatu za jengo la kukodi, chini maduka ya simu, nje makanga wanaita abiria. Wengi wanaosoma huko wanatoka kazini. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu jioni, na wakitoka saa mbili na nusu usiku wanakuta maktaba imefungwa. Mtu kama huyo analipia maktaba miaka minne na hajawahi kuikalia. Akifeli tunasema hakuwa makini.

Sasa, kwa nini vyuo vinafika hapo? Pesa, bana. Chuo cha umma hupata mgao kutoka Hazina, hata kama hautoshi. Cha kibinafsi kinategemea karo. Wanafunzi wakipungua, mishahara haingoji na kodi ya jengo haingoji. Kinachoambiwa kingoje ni kompyuta na vitabu. Vifaa vikizeeka, wanafunzi wanaambiana, na mwaka unaofuata wanakuja wachache zaidi. Kuanzia 2016 serikali ilipeleka wanafunzi inaowadhamini kwenye vyuo hivi, na vyuo vikawa vinalalamika kwamba pesa zinachelewa. Ulipokuja mfumo mpya wa ufadhili mwaka 2023, ufadhili ukaelekezwa vyuo vya umma, na wanaojiunga na vya kibinafsi wakaachiwa mikopo. Chuo kilichokuwa kimezoea wanafunzi hao kililazimika kutafuta wengine haraka, na njia ya haraka ni tangazo lenye nyasi nzuri.

Najua kuna watakaosema jengo halifundishi mtu, kwamba wazee wetu walisoma chini ya mti na wakawa mawaziri. Ni kweli, mhadhiri mzuri na ubao wanaweza kukufundisha falsafa. Lakini hakuna mti utakaokufundisha kutoa damu kwenye mshipa au kutafuta hitilafu kwenye saketi. Wanaosomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi wana Hospitali Kuu ya Kenyatta ya kujifunzia. Chuo cha kibinafsi kikitaka kufundisha kozi za afya ni lazima kijenge hospitali au kikubaliane na iliyopo. Kisipofanya hivyo, mwanafunzi atajifunza ugonjwa kwenye slaidi.

Na vipo vyuo vinavyojitahidi. Mwaka 2014 Strathmore waliweka sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yao, na chuo hicho pia kinafundisha mafundi wa sola. Kwa hivyo paa lenyewe limekuwa somo. Hicho ndicho kifaa ninachokiita kifaa.

Isitoshe, si kila kitu kinahitaji mamilioni. Vyuo vingi vya hapa, vya umma na vya kibinafsi, vimeungana kwenye KLISC, muungano wa maktaba unaolipia majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Ina maana mwanafunzi wa chuo kidogo anaweza kusoma majarida yale yale anayosoma wa chuo kikubwa. Lakini uliza makomredi wangapi wanajua nenosiri la kuingilia. Wengi wanaandika mradi wa mwaka wa nne kwa bando la shilingi 50 na makala ya bure waliyopata gizani. Kuwafundisha kutumia maktaba hiyo kunahitaji siku moja tu, na mtu wa maktaba aliye tayari.

Kwa hivyo mzazi, na wewe uliyemaliza kidato cha nne, nawaomba hivi. Msiende chuoni siku ya maonyesho. Nendeni Jumanne saa nane mchana bila kupiga simu. Ombeni kuona maabara ya kozi yenu, mhesabu kompyuta zinazowaka, si zilizopo. Ulizeni maktaba hufungwa saa ngapi, na Jumapili je? Kama ni uanasheria, ulizeni leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria, kwa sababu bila hiyo safari ya kuwa wakili itakwama njiani. Kisha mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale kibandani anapokula chapati, mmuulize: tangu muhula uanze, umeshika vifaa vya kozi yako mara ngapi?

Jibu lake lina uzito kuliko bango lolote pale Thika Road. Karo ya muhula mmoja ni ng'ombe wa mtu, ni chama cha mama, ni kipande cha shamba ambacho hakitarudi. Chuo kikikubali kupokea hiyo pesa, basi kifungue mlango wa maabara.