Alama ya Mbwa Sebuleni

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuelezea haja ndogo. Mtu huenda msalani, hujisaidia, hutabawali, hukojoa. Mtoto anayelowesha kitanda huitwa kikojozi, na jina hilo humwandama hata baada ya kuacha. Hata hivyo, maneno haya yote yamebeba dhana moja: kibofu kimejaa na hakina budi kupunguzwa. Hakuna hata moja linalomfaa mbwa dume anayesimama kando ya kochi, akainua mguu, akatoa matone machache na kwenda zake ilhali kibofu bado kina akiba. Wataalamu wa tabia za wanyama huliita tendo hilo kutia alama. Kwa wenye nyumba wengi ni kukojoa tu, na akojoaye sebuleni ni mtovu wa adabu.

Yamkini upungufu huu wa msamiati una sababu zake. Katika miji ya pwani, ambako Waislamu wa madhehebu ya Shafii huosha chombo kilichoguswa na mate ya mbwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo, mbwa hakuwa na la kumpeleka sebuleni. Bara nako alikuwa mlinzi wa boma. Alilala nje, akatia alama kwenye miti na nguzo za ua, na hakuna aliyemshtaki. Mashtaka yalianza alipokaribishwa ndani, kwenye zulia.

Mwalimu mmoja mstaafu, mgane, aliyefundisha shule za msingi huko Nyeri kwa zaidi ya miaka 30, alihamia Nairobi kwa mwanawe baada ya kufiwa na mkewe. Alikuja na sanduku la nguo, redio, na mbwa dume wa miaka 4 ambaye marehemu alimlea tangu akiwa kilebu. Nyumbani kwa mwanawe mlikuwa na mtoto mchanga wa miezi 2. Kabla ya juma kwisha, mbwa alikuwa amekwisha kutia alama kwenye kochi, pazia, mkoba wa mgeni na, kosa lililozidi yote, mguu wa kitanda cha mtoto. Mkazamwana alivumilia siku chache zaidi, kisha akasema kwa upole usioficha uchungu:

“Baba, namvumilia mbwa huyu kwa heshima ya mama. Lakini mwezi huu ukiisha na mambo yakiwa hivi, itabidi atafutiwe kwingine.”

“Nimekusikia, mwanangu,” akajibu mzee.

Neno “kwingine” ni tamu kulisema. Katika jiji lenye mbwa wengi wasio na wenyewe, hakuna foleni ya watu wanaomsubiri mbwa koko wa makamo mwenye tabia ya kulowesha makochi. Mara nyingi kwingine huko huwa ni kando ya barabara.

Jirani, mtu mwema na mwenye methali nyingi, alishauri kiboko. Samaki hukunjwa angali mbichi, akasema. Na mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengine hushauri mbwa ashikwe shingo na pua yake isuguliwe mahali palipolowa. Methali hizi hazina dosari, ila zilitungwa kwa ajili ya mwana, anayeweza kuelezwa jioni kosa alilolifanya asubuhi. Mbwa hana uwezo huo. Akichapwa nusu saa baada ya tendo, hulihusisha pigo na mtu aliyelitoa, wala si na kochi. Mzee alikijua kiboko vizuri, maana alikitumia darasani hadi adhabu hiyo ilipopigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Alijua pia kilichofunzwa nacho kwa hakika: wanafunzi walijifunza kutazama mlangoni kwanza. Mbwa aliyechapwa hufanya vivyo hivyo. Husubiri sebule iwe tupu, na mwenye nyumba huishia kuwa na alama zile zile pamoja na mnyama anayemwogopa. Woga nao huzidisha alama.

Kwani alama hiyo inasema nini? Mwanabiolojia Marc Bekoff, wa jimbo la Colorado nchini Marekani, alichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio alilolifanya kwa majira 5 ya baridi akiwa na mbwa wake, Jethro. Alichota theluji iliyokojolewa na kuihamishia kwingine, kisha akatazama. Jethro alitumia muda mfupi kunusa mkojo wake mwenyewe kuliko wa mbwa wengine. Alitofautisha maandishi yake na ya wenzake. Mwaka 2018, Betty McGuire na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba mbwa wadogo huinua mguu kwa pembe kubwa zaidi kulingana na miili yao, huenda ili alama ikae juu na mwenyewe adhaniwe kuwa jitu. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ataitambua sanaa hiyo: ni majigambo.

Kwa mtazamo huo, mbwa wa mzee hakuwa akimdharau mtu. Alikuwa amepoteza mama aliyemlea, ua aliouzoea na harufu zote alizozijua, akatiwa katika nyumba yenye kiumbe kipya kinacholia usiku. Mkoba wa mgeni ulikuwa umetoka katika nyumba yenye mbwa mwingine, jambo ambalo binadamu hawakulinusa. Nyumba ngeni, mtoto mchanga na wageni ni miongoni mwa vichocheo vinavyotajwa mara kwa mara vya tabia hii, na jamaa ile ilikuwa navyo vyote kwa mpigo.

Daktari wa mifugo waliyemwendea hakuanza na tabia. Alianza na mkojo wenyewe, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya kibofu na kisukari humfanya mbwa akojoe ovyo, na hakuna mafunzo yanayotibu ugonjwa. Akauliza kiasi na mahali: dimbwi sakafuni au matone kwenye vitu vilivyosimama wima? Yalikuwa matone. Basi akashauri mbwa ahasiwe. Hapo mzee alisita, akaona ni kama kumvunjia heshima mnyama wa marehemu. Daktari hakumwahidi muujiza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Neilson, Eckstein na Hart nchini Marekani, kuhasi kulipunguza utiaji alama kwa nusu au zaidi katika angalau asilimia 60 ya madume, na umri wa mbwa haukubadilisha matokeo. Kwa hiyo hoja ya kwamba mbwa wa miaka 4 amechelewa haikuwa na mashiko. Inafaa pia kukumbuka kwamba majike hutia alama, hasa wanapokuwa katika joto.

Yaliyosalia yalikuwa kazi ya nyumbani, na sehemu kubwa ilimwangukia mkazamwana, jambo ambalo wanaume wa nyumba ile hawakulitaja vya kutosha. Sabuni yenye amonia iliwekwa kando, kwa kuwa harufu yake hukaribia ya mkojo na humwalika mbwa arudie. Jik nayo haikufaa: huua vijidudu bila kuondoa ujumbe wote, na ikichanganywa na amonia hutoa hewa yenye sumu. Kochi lilisafishwa kwa dawa yenye vimeng'enya vinavyomeng'enya mkojo wenyewe. Palipokosekana dawa, maji yaliyotiwa siki yalisaidia kidogo. Bakuli la chakula likahamishiwa karibu na pazia, maana mbwa hapendi kutia alama anapolia chakula. Ndani ya nyumba mbwa alifungwa kamba ndefu iliyoshikwa na mzee, na kila alipoanza kuinua mguu aliitwa kwa sauti ya kawaida, akapelekwa nje, na alipomaliza huko akapewa kipande cha nyama papo hapo. Kitanda cha mtoto alikaribishwa kukinusa mara kwa mara, mzee akiwa amechuchumaa kando yake.

Mwezi uliisha na alama hazikuwa zimekoma. Zilikuwa zimepungua kutoka kila siku hadi mara moja au mbili kwa juma, na mkazamwana, aliyekuwa akizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, aliongeza mwezi wa pili bila kuombwa. Katika mwezi huo alama ilipatikana mara moja tu, kwenye mkoba wa mgeni yule yule.

Mlangoni sasa pana msumari wa kutundikia mikoba.