Mkesha wa Oktoba 31



Simu yangu imejaa ujumbe ule ule wa kusambazwa: kwamba Oktoba 31 ni siku ya kuzaliwa kwa shetani. Shetani hana siku ya kuzaliwa. Na baba wa uongo hatutampinga kwa uongo.

Halloween maana yake ni jioni ya kuamkia Siku ya Watakatifu Wote, Novemba 1, ambayo kanisa la Magharibi lilikuwa likiiadhimisha kufikia karne ya 9. Ni mkesha, kama kesha zetu. Lakini huko Ireland msimu huo ulikuwa tayari na Samhain, sikukuu ya mavuno kwisha na baridi kuingia, na watu waliamini usiku ule wafu wanatembea. Mambo hayo mawili yakachanganyika. Watu wakajifunika nyuso, na wengi husimulia kwamba ilikuwa ili pepo akikutana nawe adhani ni mwenzake. Taa za kutisha walizichonga kwenye turnipu. Njaa ya viazi ya 1845 ilipowasukuma wengi hadi Marekani, wakakuta malenge, makubwa na rahisi kuchonga. (Sisi malenge tunayala na chai.)

Kwa hiyo kinyago kilibeba hofu ya wafu. Leo vilabu vya Westlands vinatundika mifupa ya plastiki na vijana wetu wanacheka. Lakini kijana huyo huyo akimwota marehemu babake usiku mmoja, asubuhi yuko mjini akinunua mafuta ya upako kwa mtu asiyemjua. Waebrania 2 inasema Yesu alikufa ili awaweke huru waliofungwa maisha yao yote na hofu ya mauti. Hofu hiyo ndiyo inayonisumbua mimi, kuliko malenge.

Sasa kuna dada mmoja wa ushirika wetu Kawangware, anafua nguo Lavington. Mwajiri wake amemwalika binti yake kwenye sherehe ya mavazi pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Akaniuliza: "Mchungaji, nikikataa nitapoteza kazi. Nikikubali, nimemtoa mtoto kwa pepo?"

Nilimwambia binti aende. Paulo aliwaruhusu Wakorintho kukaa mezani kwa asiyeamini aliyewaalika. Avae kama daktari, asivae mauti. Akiulizwa kwa nini, ajibu kwa upole. Najua wengine mtanijia juu. Njooni, lakini Jumapili mtoto huyo asisukumwe mbele aombewe kama mwenye mapepo.

Zamani Uingereza, majira hayo hayo, maskini walibisha milango ya matajiri wakapewa mikate, nao wakaombea wafu wa nyumba ile. Sisi hatuombei wafu. Ila mlango ulifunguliwa, na hilo nalipenda. Kati ya Lavington na Kawangware ni mwendo mfupi tu, na mageti ni mengi.

Kesha yetu ni usiku huo huo, kuanzia saa tatu. Leteni watoto, hata wa majirani. Akina mama wa jikoni, mwaka huu tupike malenge.