Kuruka Tulifundisha, Kutua Tulisahau



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulikuwa Kisiwani Mafia kwa kazi za kichungaji. Jioni tulicheza mpira wa wavu na vijana wa Kilindoni, Wakristo na Waislamu pamoja. Wavu wa wanaume una kimo cha mita 2.43, nasi tulitaka kila kijana aupite kwa mikono yote miwili. Tukawapa mazoezi ya kuchuchumaa na kuruka. Aliyeruka juu zaidi alipigiwa makofi. Habari ya kutua hatukuitaja hata mara moja.

Siku moja kijana mmoja aliruka kupiga mpira, akatua kwa mguu mmoja uliokakamaa. Goti likaingia ndani, akaanguka. Aliambiwa kano ya goti imeumia. Tulipomtembelea tulimkuta barazani, akatukaribisha vizuri, kisha akasema: "Mafrateri, maumivu navumilia. Kinachoniuma ni kusali nimekaa kwenye kiti."

Hatukuwa na jibu. Sisi tunaopiga magoti kila siku tulimwelewa.

Tulianza upya, wiki mbili bila mpira. Kila mmoja alishuka kutoka kwenye kidaraja kifupi na kutua kwa miguu yote miwili: sehemu ya mbele ya wayo kwanza, kisha kisigino, magoti yakunjwe na kuelekea vidoleni, yasikaribiane, makalio yarudi nyuma kama mtu anayekalia kigoda. Goti likikunjwa, misuli ya mapaja na makalio hupokea uzito. Likinyooka, mzigo huangukia mifupa na kano. Atuaye kwa kishindo alirudia. Baadaye tuliongeza kuruka mbele, kuruka pembeni na kusimama kwa mguu mmoja. Tulianzia mchangani, maana mchanga hupunguza mshindo, kisha tukahamia ardhi ngumu. Kati ya siku za mazoezi tuliweka siku za kupumzika.

Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda mara kwa mara. Tuliijibu vizuri kwenye mtihani. Uwanjani ndipo tulipoielewa: mpira ukiwa hewani hakuna anayekumbuka goti lake, mwili hufanya ulichozoea. Na sisi tulikuwa tumezoea kupenda makofi. Tulifundisha kile kinachoonekana na watazamaji, tukaacha kile kinachomlinda mchezaji.

Tulimwomba radhi. Akacheka, akaomba aletewe kiti uwanjani. Tangu hapo alikaa pembeni amefumba macho, akisikiliza miguu. "Wewe! Umetua kama gunia la nazi, rudia!" Hakukosea hata mara moja.

Tulipopanda boti kwenda Nyamisati alikuwa bado anasali kitini. Mtuombee, yeye apone goti, nasi tujifunze kutua.