Sailensa ya Hilux ya baba

Wadau, nimerudi chuo juzi Jumatatu. Kabla sijaanza tena kulalamikia maji ya bwenini, kuna jambo la likizo lazima nilitoe rohoni.

Baba ana, samahani, alikuwa na Hilux ya zamani yenye injini ya 2Y, ile ya kabureta, sisi 1,812. Imebeba ndizi na kahawa za watu pale Omurushaka tangu Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ada za kaka zangu zilitoka humo. Safari hii baba akaamua kuiuza kabisa, maana ada yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa imebaki na kahawa bado mbichi mitini. Mteja akapatikana wa Nkwenda, akasema Jumamosi anakuja kuiona. Tatizo moja: gari lilikuwa linatoa moshi mweusi na linakunywa petroli kama ng'ombe wa Ankole aliyefika mtoni.

Sasa mimi nasoma mekanika hapa Mlimani, ningekaa kimya vipi? Nilishanunua Kariakoo pakiti ya kutengenezea kabureta: gasketi, nido mpya na vimpira vyake. Jumatano nikaifungua nje ya nyumba, wadogo zangu wakinishikia beseni. Nikaosha kwa petroli, nikapuliza majeti, nikapima boya. Moshi mweusi ukaisha kabisa! Ila sasa gari likawa halina sailensa. Vuta choki, linawaka. Rudisha choki, linazima. Ukikanyaga mafuta linakwenda vizuri tu, ukiachia, kimya.

Basi nikatoa nadharia. Karagwe iko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo kabureta ileile inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Hii ni kweli na kwenye mtihani unapata maksi. Nikamweleza baba kwa kirefu huku nakaza ile skrubu ya sailensa ili kupunguza mafuta. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa mwanangu". Alhamisi jioni akaenda kumwita fundi.

Iliniuma, siwafichi.

Fundi mwenyewe ni mzee, gereji yake ni mparachichi pale njia panda. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, injinia. Washa." (Hilo "injinia" alilivuta kidogo.) Nikawasha kwa choki. Akatoa mfuniko wa filta ya hewa, akaniambia nirudishe choki polepole. Gari lilipotaka kuzima, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, nusu hivi. Injini ikapanda, ikanguruma safi. Akatoa mkono, ikafa.

"Mafuta yangekuwa mengi, kwa mkono huu ningeliua. Hili lina njaa, kijana."

Duh. Yaani nadharia yangu ilikuwa sahihi, ila ya ugonjwa mwingine! Na mimi siku nzima nilikuwa namnyima chakula mwenye njaa.

Hakufungua kitu haraka. Kwanza akachungulia kile kidirisha kwenye chumba cha boya, petroli ilikuwa katikati, kwa hiyo boya salama. Tukawasha tena kwa choki, akapaka povu la sabuni pale kabureta inapokalia, aone kama inavuta hewa ya wizi. Haivuti. Akazungusha skrubu yangu ndani, akazungusha nje, injini haikubadilika hata kidogo. "Unaona? Haisikilizwi. Njia ya sailensa haipitishi." Nikazima, akafungua swichi tu, akachomoa waya wa ile solenoidi inayokata mafuta, akaugusisha tena. Ta! Iko hai.

Ndipo akauliza, "Gasketi ya zamani uliitupa wapi?"

Mdogo wangu aliikuta mgombani. Tukafungua kifuniko, tukailinganisha na niliyoweka. Mpya yangu haikuwa na tundu moja dogo, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndilo njia ya sailensa inamopita. Kwenye pakiti gasketi za pale zilikuwa mbili zinazofanana, mimi nikajua moja ni ya akiba, kumbe ni kabureta za aina mbili tofauti. Tukaweka ile nyingine. Dakika 40, gari likawaka, likatulia. Akamalizia kwa kurekebisha skrubu, akanitazama: "Huku kwetu tunaikaza kidogo kuliko vitabu vinavyosema. Mlimani." Sijui alimaanisha mlima upi. Alichukua 10,000 na chane ya ndizi.

Jumamosi mteja alifika, na fundi akamweleza yote, hata habari ya gasketi yangu. Nilidhani ameniharibia biashara. Mteja akacheka, akaliwasha mara tatu likiwa baridi, akalipa. Baba akanipa mimi nizihesabu hizo hela.

Likaondoka kuelekea Nkwenda. Tulisimama barabarani wote, hakuna aliyeongea, mpaka likapanda kile kilima cha kwanza.

"Halina misi," baba akasema, akaingia ndani.

Haya, kesho nina testi ya themodainamiki saa mbili asubuhi. Ngoja niishie hapa.