Barua kutoka Houston: Nyumba ya Shangazi na Matibabu ya Mpwa



Huku Marekani zawadi yaweza kumkatia mgonjwa matibabu. Hapa Texas, mwenye ulemavu anayepokea SSI, posho ya serikali kuu, hupata pia Medicaid, bima ya afya iliyoanzishwa mwaka 1965 wakati wa Rais Lyndon Johnson. Sharti ni kwamba mali yake isizidi dola 2,000. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1989, na ni aibu kwa taifa tajiri kama hili.

Nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi. Lakini chukulia shangazi wa Mombasa anayeandika wasia kumwachia mtoto wa kaka yake, kijana wa kiti cha magurudumu aliyeko Texas, nyumba ya Nyali. Kijana haishi Nyali. Kwa ofisi za huku hiyo ni mali ya kuuzwa, ingawa iko ng'ambo ya bahari. Posho inasimama, na Medicaid yaweza kuifuata.

Dawa yake ni amana ya mahitaji maalumu. Msomaji wa Pwani ataielewa upesi akiukumbuka wakfu: mali ina msimamizi, manufaa yana mwenyewe. Mdhamini, yaani msimamizi wa amana, ndiye mmiliki kisheria. Kijana hanyang'anywi manufaa, ila hawezi kuiuza nyumba wala kudai fedha zake.

Jambo zito ni njia inayopitia zawadi. Shangazi akiiandikia amana moja kwa moja, kijana akifariki nyumba itakwenda kwa ndugu waliotajwa. Ikishaingia kwanza mikononi mwa kijana, naye ndipo akaiweka kwenye amana, sheria ya 1993 inataka jimbo lirudishiwe gharama za matibabu yake kabla ya warithi kupata chochote. Tena awe hajatimiza miaka 65. Hadi Desemba 2016 hakuruhusiwa hata kuianzisha amana hiyo mwenyewe, akili timamu au la. Alihitaji mzazi, babu au bibi, mlezi, au mahakama.

Mdhamini naye awe makini. Akilipa umeme au kodi ya ardhi ya nyumba anayoishi kijana, posho hupunguzwa. Chakula kiliondolewa kwenye hesabu hiyo Septemba 2024.

Wenye wasia uliokwisha kutiwa saini, unaomtaja kwa jina ndugu wa huku mwenye ulemavu, waufungue tena sasa wangali hai, na wakili wao azungumze na wakili wa jimbo analoishi ndugu huyo.