Simu Ipitayo Mtandaoni

Wazee wenzangu hapa Mtwara wameniuliza mara nyingi: hii simu ya intaneti ni simu kweli, au ni mchezo wa vijana? Kwa kuwa nimekula chumvi nyingi, na vumbi la chaki zaidi, nitajibu kama nilivyozoea kufundisha chuoni: kwanza maana, kisha matumizi, mwisho tahadhari.

Simu ya mezani tuliyoizoea ilitegemea waya. Ulipompigia mtu, mitambo ilikutengea njia kutoka kwako hadi kwake, nayo ilikuwa yenu wawili mpaka mkate simu. Mkikaa kimya, kimya hicho nacho kililipiwa. Nilipoanza ukuu wa shule, simu ya Dar es Salaam iliombwa kwa opereta, na mtu aliandika hoja zake kwenye karatasi kabla ya kuunganishwa, asije akapoteza dakika kwa salamu. Ilikuwa sawa na kukodi barabara nzima kwa ajili ya gari moja.

Simu ya intaneti haikodi barabara. Sauti yako hugeuzwa tarakimu, tarakimu hukatwa vipande, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande huandikwa anwani kama bahasha. Bahasha hizo husafiri zimechanganyika na za watu wengine: barua, picha, matokeo ya mpira. Zikifika hupangwa upya na kuwa sauti. Iliyochelewa mno haingojwi, hutupwa. Ndiyo sababu maneno hukatika.

Zamani kuchelewa huko kulituchosha sana. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 angani, na sauti ilichukua kama robo sekunde kufika upande mmoja tu. Wataalamu hupendelea isizidi milisekunde 150. Julai 2009 kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilianza kazi Dar es Salaam, mwaka uliofuata ikaja ya EASSy, na Mkongo wa Taifa ukasambaza mawasiliano hayo mikoani. Ndipo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Mwenye ofisi ahitaji nini? Kwanza, intaneti isiyoyumba. Mazungumzo mamoja, kwa mfumo usiobana sauti, hutumia karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kwa hiyo simu 10 kwa wakati mmoja zataka karibu megabiti 1 ya kwenda na 1 ya kurudi. Pili, simu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au kifaa kidogo cha kuunganishia simu yako ya zamani. Tatu, mtoa huduma mwenye leseni, atakayekupa namba ili hata mwenye simu ya kawaida aweze kukupigia. Kwa nyumbani wengi wetu hatuhitaji hayo yote. Programu kama WhatsApp, iliyoanza kupokea simu za sauti mwaka 2015, yatosha. Lakini hiyo humpata tu mwenye programu kama hiyo.

Faida yake naijua kwa jambo la nyumbani kwangu. Dada yangu aliolewa Palma, ng'ambo ya Ruvuma. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Palma iko karibu na Mtwara kuliko Newala. Hata hivyo, kumpigia mtu wa Newala ni simu ya ndani, na kumpigia dada yangu ni simu ya nje, yenye 258 mbele na bei yake. Sisi Wamakonde mto ule haujawahi kututenga. Gharama ya simu ilitutenga. Intaneti haiulizi mpaka. Kwa miaka kadhaa tulisalimiana kila Ijumaa, naye akanisimulia habari za wajukuu bila kuharakishwa.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na mawasiliano yakakatika. Hapo nilielewa kwamba mtandao ukizimwa, simu ya bei nafuu na ya bei ghali hunyamaza pamoja. Siku zilipita. Kisha simu iliita kwa namba nisiyoijua, kutoka Pemba, alikofika kwa jahazi. Alisema, "Kaka, nipo hai." Tulikaa hewani saa nzima, na sehemu kubwa hatukusema neno.

Sasa tahadhari. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka kwenye mitambo ya simu, hata nyumba ikiwa gizani. Ya intaneti huzimika na umeme wako, usipokuwa na betri ya akiba. Tena Mei 2024 kebo za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima. Na ukipatwa na dharura, usitegemee programu kukuunganisha na 112. Fimbo ya mbali haiui nyoka: weka karibu simu ya kawaida yenye salio.

Basi, wazee wenzangu, ni simu kweli. Mwombeni mjukuu aiweke tayari, na wa kwanza kumpigia awe yule mliyeacha kumsalimu kwa sababu ya gharama.